Muda sawa, kona tofauti: kisa cha ligi moja ya GT3

Usuli

Ligi inayozungumziwa hapa ni ya wapenzi wa mbio za magari wanaokimbia kwa simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga mbio, kila mmoja nyumbani kwake na usukani wake. Majina ya ligi, timu na madereva yameondolewa, na magari mawili yaliyozua mgogoro nitayaita A na B. Msimu ulikuwa na mbio tatu za saa sita kwenye viwanja vya Spa-Francorchamps (Ubelgiji), Suzuka (Japani), kisha Spa tena. Magari yote yalikuwa ya daraja la GT3, yaani magari ya mbio yaliyotokana na magari ya kifahari ya barabarani. Kila timu ilikuwa na madereva wawili au watatu wanaopokezana, na mara nyingi ndani ya timu moja ulimkuta dereva mkali pamoja na mwenzake ambaye bado anajifunza. Faili lote lilinifikia msimu ulipokwisha: malalamiko, marudio ya video, data za magari na maamuzi ya kamati.

GT3 haiwezi kuishi bila kusawazishwa. Tangu daraja hili lianze mwaka 2006, likiwa wazo la mwandaaji wa mbio Stéphane Ratel, msingi wake ni kwamba magari ya maumbo tofauti, mengine injini iko mbele, mengine iko nyuma ya dereva, yakimbie pamoja na wasimamizi wa mbio ndio wayalinganishe. Mfumo huo wapenzi wa mbio wanauita BoP (Balance of Performance, yaani usawazishaji wa uwezo wa magari), na kwenye mbio za kweli una zana nyingi: uzito, shinikizo la turbo, kibana hewa kinachopunguza hewa inayoingia kwenye injini, kimo cha gari kutoka ardhini, pembe ya bawa la nyuma, ujazo wa tangi. Ligi hii ilikuwa na zana mbili tu, kwa sababu ndizo programu ilizoruhusu kuguswa: kilo za ziada na asilimia ya kibana hewa. Hilo msomaji alikumbuke, maana nusu ya matatizo yalianzia hapo.

Utaratibu wa kamati ulikuwa rahisi. Katika wiki ya mazoezi walichukua mizunguko bora ya madereva wakali wa kila aina ya gari, wakatafuta wastani, kisha wakaongeza au kupunguza kilo mpaka wastani ukakaribiana. Kabla ya mbio ya kwanza, A na B yalipishana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde katika mzunguko wa dakika mbili na ushei. Kwenye karatasi kazi ilikuwa safi, na kamati iliitangaza kwa fahari.

Spa ya kwanza

Spa ina urefu wa kilomita 7.004 na kila sehemu yake ina tabia yake. Kutoka La Source unateremka, unapanda Raidillon, unanyoosha Kemmel mpaka Les Combes: hapo injini ndiyo inayosema. Kisha unashuka Bruxelles, unaingia Pouhon na Fagnes mpaka Stavelot: hapo inasema chasisi, yaani jinsi gari linavyogeuka na kushika barabara. Kutoka Stavelot unakanyaga tena mafuta karibu mfululizo, unapita Blanchimont, mpaka kona ya Bus Stop.

Gari A lilikuwa na nguvu nyingi na lilikata upepo vizuri. Gari B lilikuwa jepesi kugeuka na lilishika barabara. A lilipata muda wake kwenye Kemmel na Blanchimont, B likaurudisha wote kati ya Bruxelles na Stavelot. Ukijumlisha, mzunguko ni uleule. Ukiyaweka pamoja barabarani, moja mgongoni mwa jingine, unapata balaa.

Tukio moja linatosha kuonyesha. Dereva wa B amekaa nyuma ya A kwa mizunguko kadhaa. Kila wakifika Pouhon anamkaribia mpaka taa zake zinajaza kioo cha mwenzake, na kila wakifika Kemmel A anaondoka kana kwamba B amekanyaga breki. Safari hii wanatoka Pouhon, A amechelewa kidogo kurudi kwenye mafuta, na B anachomeka pua upande wa kulia wanapoingia Fagnes. Nikisimamisha video pale A anapokata usukani, tairi la mbele la B limefika usawa wa tairi la nyuma la A. Halijafika mlangoni. A anageuka kama alivyogeuka siku nzima, B hana pa kwenda, wanagusana, A anazunguka mpaka kwenye changarawe. Kwenye sauti ya mbio dereva wa A anasema, "Kaka, hiyo nafasi haikuwepo." Yule wa B anajibu, "Ukitaka kuziba, ziba. Usinifungulie halafu unifungie usoni."

Waamuzi walimpa B adhabu, na kwa kanuni walikuwa sahihi: aliyeko nyuma ndiye anayebeba jukumu la kupita salama, na tairi lililofika usawa wa tairi la nyuma halijampa haki ya kona. Tatizo ni kwamba tukio hilohilo, kwa sura hiyohiyo, lilijirudia baina ya timu nyingine za A na B usiku kucha. Mengine yalikuwa ya kuchelewa kwa mtandao tu, gari linaruka kwenye skrini na kugusa mtu ambaye hakuwa pale. Hayo niliyaweka kando. Yaliyobaki yalitosha.

Kamati ilivyoamua

Malalamiko yalikuja ya aina mbili. Madereva wa B walisema A imependelewa, kwa sababu haipitiki. Madereva wa A walisema B inaendeshwa na watu wasio na adabu. Kamati, ikiwa na watu wachache na muda mfupi kabla ya Suzuka, ikaamua kuwaridhisha wote wawili.

Uamuzi wa kwanza: A iliongezewa kilo 15. Sababu iliyoandikwa ni kwamba A ilimaliza mbele, basi ina kasi zaidi.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa nidhamu. Kila gari ambalo madereva wake wangekusanya maonyo mawili lingebebeshwa kilo 10 katika mbio inayofuata. Kamati ilieleza kwamba adhabu za muda hazikuwa zikiwauma watu, ila uzito ungewauma. Kwa kuwa timu za B ndizo zilizokuwa na maonyo mengi, magari kadhaa ya B yaliingia Suzuka yakiwa yamebeba kilo za adhabu.

Kwa hiyo A ilikuwa nzito kwa sababu ya kushinda, na baadhi ya B zilikuwa nzito kwa sababu ya kugonga. Hakuna aliyeuliza jedwali la BoP lilikuwa linapima nini sasa.

Suzuka

Mambo yaliharibika. Kilo 15 hazikuigusa A pale ilipokuwa inachukiza. Kwenye mnyooko mrefu baada ya kona ya Spoon kuelekea kona ya 130R, mwendo wa juu haukubadilika kiasi cha kuonekana, kwa sababu gari likishafikia kasi, linapambana na upepo kuliko na uzito wake. Uzito ulikuja kuonekana kwenye kona za S za mwanzo, kwenye breki na kwenye tairi. A ikawa inaziba njia zaidi kuliko Spa, na bado ikawa inakimbia zaidi kwenye mnyooko. Yaani kamati ilipanua pengo lilelile lililokuwa likizaa migongano.

Nako kwa B, gari lililobeba kilo za adhabu lilipoteza kidogo ya ule wepesi wake. Dereva aliyekuwa anaweza kusubiri nafasi sasa alijiona anaishiwa muda, akajaribu mapema. Zaidi ya hapo, mara nyingi aliyekuwa kwenye usukani si yule aliyepata onyo. Katika timu moja dereva wa tatu, mtu mpole asiye na doa hata moja, aliendesha zamu mbili nzima za usiku akiwa na kilo alizoletewa na mwenzake. Aliandika barua fupi ya kujitoa baada ya mbio. Ni maandishi bora kuliko yote katika faili lile, na hayana neno hata moja la hasira.

Kulikuwa na ubaya mwingine ambao haukuonekana siku ile. Mizunguko ya magari yenye kilo za adhabu iliingizwa kwenye wastani wa B pamoja na mingine. Hesabu ikatoa kwamba B ni gari la polepole. Kama kamati ingefuata jedwali lake, ingewazawadia B kasi kwa sababu ya makosa yao wenyewe.

Ramani

Mabadiliko yalianza na kitu kidogo. Mwanakamati wa BoP, ambaye hapo awali hakuwa anasoma ripoti za waamuzi kabisa, alichukua ramani ya Spa na kuweka nukta mahali pa kila mgongano wa A na B. Nukta zilirundikana kati ya Pouhon na Stavelot, chache Les Combes, karibu hakuna kwingine. Kisha akaweka juu yake tofauti ya mwendo wa magari hayo mawili, mita kwa mita, kutoka kwenye data. Mahali ambapo B ilikuwa na kasi kuliko A kwa kiwango kikubwa ndipo palipokuwa na nukta.

Aligundua na jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Nukta nyingi zilikuwa za dereva mkali wa B nyuma ya dereva wa kawaida wa A. BoP ilikuwa imepimwa kwa mizunguko ya wakali pekee. Dereva mkali wa A alijua kulibembeleza gari lake Pouhon, yule wa kawaida hakujua, lakini wote wawili walikanyaga mafuta Kemmel kwa ustadi uleule, kwa sababu kukanyaga mafuta kwenye mnyooko hakuhitaji kipaji. Mbio za kweli zinalijua hili. FIA, shirikisho la kimataifa la magari, inawapanga madereva kwa uwezo katika ngazi za Platinum, Gold, Silver na Bronze, na madaraja mengi ya GT huweka masharti ya nani aendeshe na nani. Upangaji huo unalinganisha timu. Hauyafanyi magari yawe mepesi kupitana.

Kutokana na hayo kamati ilibadilisha mambo matatu kabla ya mbio ya mwisho. Kilo za nidhamu zilifutwa. A ikapokonywa nguvu kwa kuongezewa kibana hewa, kisha ikapunguziwa uzito mpaka muda wake wa mzunguko ukabaki ulivyokuwa. Hawakuifanya A kuwa ya polepole, waliibadilisha mahali inapopata sekunde zake. Na adhabu zikafungwa kwa dereva: anayekosa anaitumikia mwenyewe, ndani ya zamu yake, na akirudia anakosa mbio.

Waamuzi nao walikaa na madereva kabla ya mbio na kuwaonyesha video tatu zilizosimamishwa palepale pa kukata kona, wakieleza ni umbali gani wa tairi la mbele unaompa mtu haki ya kuachiwa nafasi. Walisoma pia kipengele cha kanuni za kimataifa za FIA kinachokataza kubadili mwelekeo zaidi ya mara moja ili kulinda nafasi, na kinachomtaka aliyetoka kwenye mstari kujilinda, kisha akawa anarudi, aache upana wa gari moja.

Spa ya pili

Kwa kuwa uwanja ni uleule, hapa ulinganisho una maana. Migongano ya A na B ilipungua kufikia takriban nusu. Ile ya Fagnes karibu ilitoweka. B sasa iliweza kubaki karibu kwenye Kemmel, ikavutwa na upepo wa gari la mbele, na kupita Les Combes kwa breki, mahali penye nafasi na pa kukimbilia mtu akikosea.

Dereva mmoja hakubadilika. Alikuwa wa B, aligonga Spa, akagonga Suzuka, akagonga Spa tena, na safari hii mmoja wa aliowagonga alikuwa wa B mwenzake. Alifungiwa. Kelele zote za BoP zilikuwa zimemfunika kwa msimu mzima.

Halafu A ikashinda, na ikashinda kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Kibana hewa kilipunguza hewa, hewa kidogo ikataka mafuta kidogo. Awali A na B yote yalikwenda mizunguko 24 kwa tangi. Mbio ya saa sita, ukitoa muda wa piti (pale gari linaposimama kujaza mafuta), ilihitaji mizunguko kama 152. Kwa zamu sita za mizunguko 24 unapata 144, unabaki na deni la nane, na deni hilo huwezi kulilipa kwa kubana mafuta bila kupoteza muda mwingi barabarani, hivyo lazima uingie piti mara ya sita. A mpya ilifika mizunguko 25 kwa tangi. Zamu sita zinatoa 150, na ile miwili iliyobaki inapatikana kwa kuachia mafuta mapema kidogo kabla ya breki. A ilimaliza ikiwa imesimama mara moja pungufu.

Uchambuzi

Muda wa mzunguko ni kipimo cha gari likiwa peke yake. Mbio za masafa hazikimbiwi peke yako. Magari mawili yenye muda sawa yanaweza kupishana bila kugusana au kupigana kila dakika mbili, na kinachoamua ni mahali kila moja linapopata muda wake. Wanaosimamia mbio kubwa wamelazimika kulifikiria hili. Mwaka 2024 WEC, ubingwa wa dunia wa mbio za masafa, ilianza kuyapa magari yake ya Hypercar, daraja lake la juu, marekebisho tofauti ya nguvu kwa mwendo wa juu, yaani gari likishavuka kasi fulani linapimiwa nguvu yake kivyake. Ligi ndogo yenye zana mbili haiwezi kufika huko, lakini inaweza kutumia kilo na kibana hewa kwa kuvipinganisha badala ya kuvirundika upande mmoja. Nguvu chini, uzito chini. Au kinyume chake kwa gari la aina nyingine.

Kosa la kilo 15 lilikuwa la kusoma matokeo badala ya kusoma barabara. A ilimaliza mbele Spa ya kwanza kwa sababu haikupitika, na haikupitika kwa sababu ilikuwa polepole mahali pasipopitika na ya kasi mahali panapopitika. Ukiiongezea uzito unaifanya iwe hivyo zaidi. Data ya sekta, yaani muda wa kila kipande cha uwanja, ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ikiwa kwenye kompyuta ya mtu ambaye kazi yake ilihesabiwa kuwa imekwisha kabla bendera ya kuanza haijashushwa.

Kilo za nidhamu sizitetei hata kidogo. Uzito kama mzigo wa mshindi ni jambo linalojulikana. Daraja la LMGT3 la WEC, la magari ya GT3, lililoanza mwaka 2024, huwabebesha uzito waliofanya vizuri, na kila mtu anaelewa kuwa ni hesabu ya ushindani. Kumbebesha mtu kilo kwa kugonga ni kuchanganya daftari mbili. Unawaadhibu wenzake wasio na kosa, unalifanya gari lake kuwa kero kwa walio nyuma, na unaichafua ile data utakayoitumia kusawazisha. Kosa la dereva liende na dereva. Kasi ya gari iende na gari. Siku kamati ilipovitenganisha ndipo yule mgongaji halisi alipoonekana.

Wapo waliosema kwamba tofauti ya magari inawaondolea madereva wa B lawama. Sikubaliani nao. Adhabu ya Fagnes ilistahili, na ingestahili hata kama A ingekuwa na matela nyuma. Ila mwamuzi anayetoa adhabu ileile, kona ileile, kwa madereva tofauti, usiku mzima, ana wajibu wa kumpigia simu mwenzake wa BoP kabla ya kuandika ya kumi.

Upande wa kuficha makucha, yaani kujifanya polepole kwa makusudi ili upewe nafuu, ligi iliponea chupuchupu. Kabla ya Spa ya pili, mizunguko ya mazoezi ya timu kadhaa ilikuwa ya kizembe mno kwa madereva wanaojulikana, na kama kamati ingeendelea kutegemea wiki ya mazoezi pekee ingedanganyika. Walitumia mizunguko ya mbio zilizopita, baada ya kuitoa ile yenye kilo za adhabu. Jambo hili si la watoto wa simuleta: baada ya mbio ya saa 24 ya Daytona, Marekani, ya mwaka 2016, wasimamizi wake IMSA waliyapa magari ya Lamborghini ya GTD, daraja lao la magari ya GT3, adhabu ya dakika 5 kwa kuonyesha kwenye mbio kasi ambayo hayakuionyesha kabla yake.

Mafuta ndiyo sehemu ambayo kamati haikuiona kabisa, na si ajabu, kwa sababu hata mashabiki wa miaka mingi huichukulia BoP kama suala la nguvu za farasi na kilo. Katika mbio fupi ingekuwa hivyo. Katika saa sita, mzunguko mmoja zaidi kwa tangi una thamani ya kusimama piti mara moja, ambayo ni zaidi ya kile dereva mkali anachoweza kukichuma kwa zamu nzima. Ndiyo maana mbio za kweli hupanga ujazo wa tangi na kasi ya kujaza mafuta, na Spa ya saa 24 huweka kikomo cha dakika 65 kwa zamu pamoja na muda wa chini wa kukaa piti. Kwa ligi isiyoweza kugusa tangi, kikomo cha zamu kinawezekana bila kubadilisha programu hata kidogo: saa tu, na mtu wa kuitazama.

Yaliyobaki

Timu mbili za B zilikata rufaa dhidi ya ushindi wa A. Kamati iliikataa kwa hoja kwamba marekebisho yalitangazwa mapema, kwamba kila timu ilikuwa na mazoezi ya kutosha kuhesabu mafuta yake, na kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Moja ya timu hizo ilihamia gari A kwa msimu unaofuata. Kanuni mpya zina kikomo cha dakika 58 kwa zamu kwa magari yote. Dereva yule mpole wa Suzuka alialikwa kurudi kama mwamuzi, akakubali kwa sharti kwamba apewe ramani ya nukta kabla ya kila kikao.